Somo la Afya: Kukaa Kitako na Maradhi ya Moyo

Wanachama wetu, tumezoea katika ukurasa huu kuzungumza habari za mikarafuu: kupalilia miche, kuanika karafuu zisivunde, na bei ya msimu. Safari hii twaomba ruhusa tuuache mkarafuu kidogo, tumtazame mwenye mkarafuu. Sababu yake ni safari tuliyoifanya Dar es Salaam, tulipokwenda kumjulia hali mwenzetu mmoja anayekaa Pugu kwa mwanawe.

Jina lake hatulitaji, kwa kuwa maradhi ya mtu ni siri yake, naye ametupa ruhusa ya kueleza kisa tu. Mzee huyu alikuwa mchumaji hodari kule Pemba. Alipokuwa na miaka 60 na zaidi alikuwa bado akipanda mkarafuu tangu asubuhi, na jioni akibeba gunia lake mwenyewe mpaka penye majamvi. Mkewe alipofariki, mwanawe akamchukua kwenda kukaa naye.

Kwa asiyepajua, Pugu ni mwisho mwisho wa jiji la Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 20 kutoka katikati ya mji, ukipita uwanja wa ndege na Gongo la Mboto, kwenye njia ya kwenda Kisarawe. Ni mahali pa vilima na msitu wa hifadhi, penye mnada mkubwa wa ng'ombe na reli ya kwenda bara. Hali ya hewa yake ni nzuri, na mtu apendaye kutembea hakosi pa kutembea. Lakini mzee wetu hakutembea. Mwanawe alimwambia, kama mtoto mwema yeyote angalivyosema, "Baba, umefanya kazi ya kutosha. Sasa pumzika." Akamwekea kiti kibarazani. Maji ya kutawadha yakawa yanaletwa. Msikiti uko mwendo wa robo saa, lakini akaitiwa bajaji kwenda na kurudi. Kwa muda wa miaka miwili mzee akawa mtu wa kitini na kitandani, na majirani wakimsifu kuwa amenawiri.

Kisha akaanza kuona kifua kinabana kila apandapo kile kilima kidogo kutoka barabarani mpaka nyumbani. Akisimama, kinaacha. Alidhani ni kiungulia, akawa anakunywa maji ya tangawizi. Alipopelekwa kwa daktari wa moyo, akaambiwa kuwa mishipa inayoulisha moyo imeanza kuziba, msukumo wa damu umepanda, na uzito umezidi. Daktari, kijana kabisa, alimwuliza: "Shikamoo mzee wangu. Kwa siku unatembea kiasi gani?" Mzee akacheka, akajibu: "Marahaba, mwanangu. Mimi nimefanya kazi maisha yangu yote. Itakuwaje moyo wangu uharibike kwa kukosa kazi?"

Swali hilo ndilo somo letu la leo, maana twaamini kuwa wengi katika chama chetu wangaliuliza vivyo hivyo.

Moyo ni msuli, ukubwa wake kama ngumi ya mwenyewe. Hupiga mara 100,000 hivi kwa siku, na mtu akiwa ametulia husukuma kiasi cha lita 5 za damu kila dakika. Nao wenyewe unahitaji damu, nayo huipata kwa mishipa myembamba iliyouzunguka. Ndani ya mishipa hiyo mafuta yaitwayo lehemu huweza kuganda ukutani polepole, mwaka baada ya mwaka, mpaka njia ikawa nyembamba. Mtu akikaa kimya damu kidogo yatosha, wala hasikii kitu. Akipanda kilima moyo wataka damu zaidi, njia haitoshi, kifua kikabana. Na siku donge la damu likiziba kabisa, sehemu ya msuli ile hufa. Huo ndio mshituko wa moyo.

Sasa kutembea kunasaidia nini? Misuli ifanyapo kazi hula sukari iliyomo katika damu. Mishipa hujifunza kutanuka, msukumo wa damu ukashuka. Mafuta mabaya hupungua. Na moyo wenyewe hupata nguvu, ukasukuma damu nyingi kwa pigo moja. Lakini faida hizi haziwekwi akiba. Msuli ukiachwa bila kazi hulegea katika muda wa majuma machache, na mambo mengine yote hulegea pamoja nao.

Huenda msomaji akasema hayo ni maneno ya madaktari tu. Basi tutazame ushahidi. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jeremy Morris, pamoja na wenzake, walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa mbili. Dereva hukaa kitini zamu nzima. Kondakta hupanda na kushuka ngazi akikata tikiti, akakanyaga vidato zaidi ya 500 kwa siku. Watu hawa walikaa mji mmoja na kufanya kazi katika shirika moja. Hata hivyo madereva walipatwa na maradhi ya moyo zaidi, na vifo vya mapema miongoni mwa makondakta vilikuwa kama nusu tu ya vile vya madereva. Akachungua na watu wa posta, akaona hali ile ile: wagawa barua, waliokwenda kwa miguu na baiskeli, walikuwa na moyo salama kuliko makarani wa mezani. Baadaye alitazama mpaka vipimo vya viuno katika sare za watu wa mabasi. Madereva walikuwa wanene zaidi, ndiyo. Lakini hata kondakta mnene alikuwa na nafuu kuliko dereva mnene, na kondakta mwembamba kuliko dereva mwembamba. Kwa hiyo wale wanaojiona wembamba wasidhani somo hili haliwahusu.

Jibu la swali la mzee wetu, hata hivyo, lilitoka Marekani. Daktari Ralph Paffenbarger alifuatia habari za wanaume wapatao 17,000 waliosoma chuo cha Harvard. Wengine walikuwa wanamichezo mashuhuri ujanani. Wale walioacha mazoezi baada ya chuo hawakupata kinga yoyote kwa sababu ya michezo yao ya zamani. Na wale ambao hawakuwa wanamichezo, lakini wakaanza mazoezi ukubwani, walipata kinga. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 1978. Ndugu zetu mnaojivunia magunia mliyobeba miaka ile, tafadhali lisomeni fungu hili mara ya pili.

Na hapa kwetu? Uko uchunguzi uliotolewa mwaka 2010, uliofuata watu waliotoka vijiji vya mkoa wa Morogoro kuhamia Dar es Salaam. Walipimwa kabla ya kuondoka, kisha wakapimwa tena mjini. Wanaume waliokuwa wakifanya kazi za nguvu kijijini walikuwa kama wanne katika kila watano. Baada ya mwaka mmoja wa mjini, walibaki kama robo tu. Uzito, kwa wanaume na wanawake, ulizidi kwa kilo 2 na kitu. Si kila kipimo kilikwenda vibaya, wala hatusemi kuhama ni ugonjwa. Lakini tazameni upesi wake: mwaka mmoja tu, na watu wenyewe walikuwa vijana. Mzee wetu alikaa miaka miwili.

Tena wako Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Wataalamu waliwapima, wakaeleza mwaka 1917 – la, karne imetuponyoka, ni mwaka 2017 – kuwa hupata kiasi cha dakika 135 kila siku za mwendo wa kutoa jasho, na dalili za maradhi ya moyo kwao ni chache mno, hata kwa wazee. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa nao hupumzika karibu saa 10 kwa siku. Ila mara nyingi huchutama au hupiga magoti, miguu ikawa bado ina kazi. Basi hatuyalaumu mabaraza yetu. Mtu kupumzika baada ya kazi ni haki yake. Shida ni mapumziko yasiyo na kazi iliyoyatangulia.

Duniani kote mambo si mazuri. Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa mwaka 2022 watu wazima 31 katika kila 100, yaani kiasi cha bilioni 1.8, hawakufikia kiwango cha chini cha kuushughulisha mwili. Kiwango chenyewe ni dakika 150 kwa juma za mwendo wa haraka kidogo, na kazi ya shamba inahesabiwa. Maradhi ya moyo na mishipa ndiyo yanayoua watu wengi kuliko maradhi yote, na vifo vingi hutokea katika nchi zisizo tajiri. Tumbaku, chumvi nyingi na mafuta ya kukaangia yana sehemu yake kubwa, nayo tutayaeleza siku nyingine.

Sasa tujitazame. Wengi wetu hatupandi mikarafuu tena. Twaajiri wachumaji, nasi twakaa kivulini tukihesabu pishi. Shambani twaenda kwa bodaboda. Msimu ukiisha twangoja mwingine. Wanawake wanaochambua karafuu hukaa chini siku nzima, ingawa hao angalau wana maji na kuni za kubeba. Lakini binti akiolewa mjini penye bomba na jiko la gesi, kazi ile yote hukoma, na hakuna iliyoshika mahali pake. Hatuombi kuni zirudi. Twasema atembee.

Jambo moja tahadhari. Mtu aliyekaa muda mrefu asianze kwa kupanda mkarafuu msimu ukifunguliwa, akitaka kuwaonyesha vijana. Aanze kwa dakika 10, azidishe kidogo kidogo kila juma. Na mwenye kubanwa kifua, au maumivu yanayokwenda mkono wa kushoto au taya, au jasho baridi bila sababu, asingoje tangawizi; apelekwe hospitali saa ile ile.

Mzee wetu sasa anatumia dawa zake, na kwa shauri la daktari anatembea. Kwanza alikuwa akienda mpaka mti wa mwembe wa jirani na kurudi. Tulipokuwa kwake alitutembeza mpaka mnadani, akisimama mara mbili kupumua, akitueleza bei za ng'ombe kana kwamba anataka kununua. Njiani alitukumbusha kuwa Mwalimu Nyerere alifundisha shule ya Pugu kabla ya kujiuzulu mwezi Machi 1955, na kwamba wazee wa hapo husimulia kuwa mara nyingine alikwenda mikutanoni Dar es Salaam kwa miguu. Mwanawe alikuwa nyuma yetu na bajaji, akiiendesha polepole, kwa kuwa bado haamini. Mzee hakumtazama. Alituuliza kama msimu huu miti ya Mkoani imezaa.