Sikio Kabla ya Jicho: Jinsi Mtoto Ajiandaavyo Kusoma

Aghalabu mzazi anayetaka mwanawe aanze shule vyema humnunulia daftari, penseli na chati ya herufi, kisha humkalisha kitako na kumwamrisha ataje herufi zote tangu mwanzo hadi mwisho. Mtoto akishindwa huitwa mzito. Mzazi asiyejua kusoma, kwa upande wake, hukata tamaa mapema. Hudhani kuwa hana cha kumpa mtoto, na kwamba kazi hiyo ni ya mwalimu peke yake. Wote wawili wamekosea, na kosa lao lina chanzo kimoja: wanadhani kuwa kusoma huanzia machoni.

Herufi ni alama ya sauti, wala haifanani na kitu chochote duniani. Msomaji anayekutana na neno kwa mara ya kwanza hana budi kugeuza alama kuwa sauti, kisha kuziunganisha sauti hizo mpaka alitambue neno alilokwisha kulijua kwa kulisikia. Kwa hiyo mtoto ambaye hajang'amua kuwa neno lenyewe lina vipande hana mahali pa kuzibandika herufi anazofundishwa. Kwake yeye «bata» ni ndege anayeogelea, basi. Hajui kuwa «bata» pia ni silabi mbili, wala kwamba ndani ya silabi hizo mna sauti nne.

Vipande hivyo vya aina mbili, yaani silabi na sauti moja moja, havimjii mtoto kwa pamoja. Mwaka 1974 nchini Marekani, Isabelle Liberman na wenzake waliwapa watoto mchezo mdogo: mtoto husikia neno, kisha hugonga meza mara nyingi kadiri ya vipande vilivyomo. Kundi moja liligonga silabi, la pili liligonga sauti moja moja. Miongoni mwa watoto wa miaka minne, karibu nusu waliweza kuhesabu silabi, lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kuhesabu sauti. Mwishoni mwa darasa la kwanza, 90 kati ya kila 100 waliweza silabi, na 70 kati ya 100 waliweza sauti.

Je, uwezo huo wa pili uliletwa na umri au na masomo? Jibu lilipatikana Ureno mwaka 1979. José Morais na wenzake waliwaomba watu wazima wasiojua kusoma waondoe au waongeze sauti moja mwanzoni mwa neno. Wengi walishindwa, ilhali watu wa mazingira hayo hayo waliojifunza kusoma ukubwani walifaulu. Basi mtu huweza kuzeeka, akawa msemaji hodari, asipate kuisikia sauti /b/ ikiwa imesimama peke yake. Silabi humjia mtoto kwa mazungumzo na michezo. Sauti moja moja humjia pamoja na herufi. Hapo ndipo tunapopata mgawanyo wa kazi baina ya nyumba na shule.

Katika jambo hili Kiswahili kimetupa urahisi mkubwa. Tuna irabu tano tu, na karibu kila silabi huishia kwa irabu: ki-ta-bu, nyu-mba, cha-ku-la. Wanaojitenga ni wachache, kama «m» ya m-tu na «n» ya n-chi, ambazo husimama zenyewe. Tena tunaandika kama tusemavyo. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha lugha 13 za Ulaya. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule, watoto wa Kifini walisoma sawasawa maneno 98 katika kila 100, na watoto wa Kiingereza huko Uskochi 34. Ni kweli kuwa Wafini huanza shule wakiwa wakubwa zaidi, lakini umri pekee hautoshi kueleza tofauti hiyo. Tahajia ya Kiingereza ina lawama yake. Tahajia yetu ni ya jamaa ya ile ya Kifini.

Ugumu wetu uko kwingine, nao ni urefu wa maneno. Anakula, wanakula, walipokula, hatutakula: kitenzi ni kimoja, lakini sura yake hubadilika kila mara. Mtoto aliyefundishwa kulikariri neno zima kama picha atachoka upesi, maana picha hazitakwisha. Yule anayeweza kushika silabi nne au tano masikioni bila ya kuzipoteza njiani ndiye atakayefika mwisho wa neno akiwa bado anakumbuka mwanzo wake.

Ustadi huo wazee wetu wamekuwa wakiufundisha bila ya ubao wala chaki. Tazama mchezo wa kinyume, ambao watoto wa pwani huutumia kuficha siri zao. Silabi ya mwisho huletwa mbele: kitabu huwa «bukita», nyumba huwa «mbanyu», chakula huwa «lachaku». Edward Steere, aliyeandika kitabu cha mafunzo ya Kiswahili katika karne ya 19, aliutaja usemaji huu. Mtoto awezaye kusema kinyume kwa haraka amekwisha kulikata neno, kulipanga upya na kulishika kichwani, na huenda hajapata kushika penseli. Kadhalika wanafunzi wa sekondari wanaohesabu mizani nane katika kipande cha mshororo na kutafuta vina wanafanya kazi ya silabi. Tofauti ni kwamba wao huifanya kwa ajili ya mtihani. Vitanza ndimi navyo hunoa masikio. Vitendawili na hadithi hutajirisha msamiati, maana neno ambalo mtoto hajapata kulisikia atalisoma bila ya kulielewa. Haya yote bibi asiyejua kusoma anayaweza, na pengine kumshinda mwalimu. Wala haidhuru ikiwa lugha ya nyumbani ni Kisukuma au Kihaya. Sikio lililozoea kukata maneno katika lugha moja halianzi upya katika nyingine.

Je, herufi zisubiri mpaka shuleni? La hasha. Mwaka 1983 Lynette Bradley na Peter Bryant wa Oxford walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto wapatao 400. Baadhi yao walifunzwa kupanga maneno kwa kufuata sauti zinazofanana, na wengine wakafunzwa hivyo hivyo huku wakishikishwa herufi za plastiki. Hao wa pili ndio waliopiga hatua kubwa zaidi. Herufi zinafaa, ila zifuatane na sauti. Herufi ya kwanza ya «bata» tukiiita «be», mtoto atasoma «be-a-ta-» akapotea. Ni afadhali kuanza na «ba», kisha «bi» na «bu», naye atajisikilizia mwenyewe kile kisichobadilika.

Jambo jingine ni kujua kuwa maandishi husema. Marie Clay wa New Zealand alitunga mwaka 1972 kijitabu cha kuwapima watoto ambacho baadhi ya kurasa zake ziligeuzwa chini juu makusudi, apate kuona ni nani atakayegundua. Nyumba nyingi hazina vitabu vya watoto, lakini zina kanga. Mtoto na aulize kanga ya mama yasemaje. Mama asiyesoma aghalabu anajua, kwa kuwa aliichagua dukani kwa ajili ya maneno hayo, na mtoto atatambua kuwa kila siku jibu ni lile lile.

Wanafunzi wanaweza kulichunguza jambo hili wenyewe. Tafuta mdogo wako wa miaka minne hadi saba, umwombe ruhusa mzazi wake, ukae naye mahali patulivu. Mfanye apige makofi kwa kila kipande cha embe, ndizi, kalamu na mtoto. Kisha mtajie «paka», «taka» na «meza», umwulize lipi si la ukoo. Mwisho mwombe aseme «bata» bila ya /b/. Andika umri wake na kama amekwisha kuanza shule, halafu linganisheni matokeo darasani. Liangalieni hasa neno «mtoto»: je, alipiga makofi mawili au matatu? Andikeni alivyofanya kabla ya kumsahihisha, na wala msimcheke.