Wote ni SS, mbona mmoja ndiye anayelazwa?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina watoto wawili, baba mmoja mama mmoja, na kadi zao za kliniki zote zimeandikwa SS. Binti ana miaka 10, hatukai muda bila kupanda gari kumkimbiza hospitali ya Bugando kwa maumivu ya mifupa. Mdogo wake wa miaka 7 anacheza mpira na wenzake, kulazwa kwake ni nadra. Mama mkwe anasema binti amechezewa. Na je, huyu mdogo naweza kumpumzisha dawa? – Mama wa Wawili, Usagara.

JIBU: Marahaba, mama. Binti yako hajachezewa na mtu, na dawa za mdogo usiziguse. Sasa nikueleze kwa nini.

Ugonjwa wa selimundu, ambao kadi zao zinauita SS, unatokana na herufi moja tu iliyobadilika kwenye vinasaba. Hemoglobini inayotengenezwa kwa maelekezo hayo, ikishaachia oksijeni, hushikana yenyewe kwa yenyewe na kujipanga kama vijiti, ikaikunja chembe nyekundu ya damu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Iliyokunjwa hufa ndani ya wiki mbili tatu. Ndiyo maana macho yanakuwa manjano na damu haitoshi. Herufi hiyo wanayo wote wawili, kila mmoja ameipokea kwako na kwa baba yake. Tofauti yao huenda iko kwenye vinasaba vingine kabisa.

Mtoto akiwa tumboni hutumia hemoglobini ya aina nyingine, inayoitwa F. Akishazaliwa, mwili huipunguza polepole, na ndiyo sababu mwenye SS huonekana mzima miezi ya mwanzo, kisha karibu na nusu mwaka vidole vya mikono na miguu vinaanza kuvimba. Lakini si wote wanaoipoteza sawa. Mmoja hubaki na asilimia 2, mwingine 15, na hiyo F inapokuwepo kwa wingi huzuia ile mbovu isishikane. Mwaka 2011 watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Uingereza walichapisha matokeo ya kulinganisha wagonjwa wa Tanzania na wa huko, yakionyesha kwamba tofauti ndogo kwenye jeni kama BCL11A, ambayo kazi yake ni kuizima F, zinachangia nani abaki nayo nyingi na nani kidogo. Huenda mwanao wa kiume amebahatika hapo.

Dawa ya haidroksiyurea nayo hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo: huipandisha F. Ilipojaribiwa kwa watoto 606 wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria ikapungua, na vifo pia. Iko tiba nyingine iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023, ya kuidhoofisha BCL11A ndani ya uboho, lakini bei yake Marekani inazidi dola milioni 2. Hiyo tuwaachie wenyewe kwa sasa.

Kuhusu mama mkwe, mwambie kwa heshima kwamba jambo hili ni la ukanda wetu wote. Miaka ya 1950 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu wilayani Musoma. Kati ya watoto wachanga 287, waliokuwa SS ni 9. Kati ya watu wazima 654, ni 5 tu. Wengine walikuwa wapi? Makaburini. Lakini wabebaji wa AS, yaani waliopokea herufi hiyo kwa mzazi mmoja tu, waliongezeka, kutoka kama 31 kwa mia utotoni hadi 38 ukubwani, kwa sababu AS humkinga mtoto na malaria kali. Mbu wa ukanda huu ndio walioilea herufi hiyo. Na bado ipo: maabara ya Bugando ilipochunguza matone ya damu ya watoto zaidi ya 17,000 wa Kanda ya Ziwa na mikoa jirani, mmoja kati ya kila watano alikuwa mbebaji.

Sasa nije kwa yule mdogo, maana kusema kweli ndiye anayenipa wasiwasi. Maumivu hayapimi kila kitu, ndiyo maana nimesema dawa zake usiziguse. Kiharusi kwa watoto hawa hufuatana zaidi na upungufu wa damu kuliko maumivu ya mifupa, na mtoto asiyelia huletwa kliniki kwa kuchelewa. Bandama nayo inaweza kujaa damu ghafla bila dalili za kutangulia. Mlaze chali, weka vidole vyako bapa chini ya mbavu za kushoto, bonyeza taratibu anapovuta pumzi. Ukigusa kitu kigumu ambacho jana hakikuwepo, na mtoto amepauka, usisubiri asubuhi. Homa vilevile, hata kama anaruka ruka.

Wapeleke kliniki wote siku moja. Uliza wingi wa damu wa kila mmoja, uliza kiwango cha F kama kinapimika, na uliza kipimo cha kasi ya damu kichwani, ambacho hufanywa kwa mashine ya ultrasaundi, hakina sindano wala maumivu, na kinawafaa wenye miaka 2 hadi 16. Kwenye foleni hiyo, mama, mtangulize mdogo.