Mdogo Wangu, Mwambie Daktari na Habari za Ng'ombe

Mdogo wangu wa Kapsoya, barua yako niliisoma jana usiku ikaninyima usingizi. Unasema miguu inakufa ganzi, mgongo unauma, jioni homa inapanda, na alfajiri shuka limelowa jasho. Unasema mama mkwe ameanza kukuita mvivu. Kisha, saa nane za usiku, ukasoma kwenye simu habari za mwanamke wa Marekani aliyeambiwa ana MS, kumbe ni ugonjwa wa Lyme. Tangu hapo umejipa magonjwa yote mawili, na umeanza kuwaaga watoto kimoyomoyo. Njoo ukae hapa karibu na dada yako. Huyo mama mkwe tutamrudia.

MS, yaani maltipo skilerosisi, ni pale kinga ya mwili inapomgeuka mwenyewe na kushambulia ganda linalofunika mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Mtu hupata ganzi, jicho huingia ukungu, miguu huwa mizito, uchovu haumwachi. Lyme huletwa na bakteria anayebebwa na kupe, na akifika kwenye mishipa ya fahamu naye huleta ganzi, uchovu, hata kupooza uso upande mmoja. Ndipo watu wanapochanganya. Lyme hutibiwa kwa antibiotiki. MS hadi leo hutulizwa tu. Basi ni nani asiyetamani ugonjwa wake uwe ule unaotibika? Nakuelewa kabisa. Lakini nawasihi wenzako ambao madaktari wamewathibitishia MS: msiache dawa kwa sababu ya hadithi ya simu. Muda mnaokaa bila dawa unaweza kuwaachia udhaifu usiorudi nyuma.

Kupe wa Lyme makao yake ni misitu na nyasi za Marekani, Ulaya na sehemu za Asia. Sisi watu wa Sisibo, yaani Eldoret, tuna ndugu Minnesota na Massachusetts, wauguzi na wanariadha, na huko kupe hao ni wengi. Aliyeishi huko amwambie daktari, hata kama amerudi zamani. Wewe lakini umeniandikia kwamba hujawahi kuvuka Nakuru. Basi nijibu: kwenu mna ng'ombe? Maziwa mnayanywa yamechemshwa? Juzi ndama alipozaliwa, nani alivuta kondo la nyuma kwa mikono mitupu?

Hapo ndipo ninapotaka ufike. Uasin Gishu, kaunti yetu, ni nchi ya mahindi, ngano na maziwa, na ng'ombe wetu wana ugonjwa wao wanaotugawia, ule tunaouita brusela. Homa yake inakuja na kuondoka, jasho ni la usiku, viungo na mgongo vinauma, na moyo unajaa huzuni usiyojua imetoka wapi. Mara chache huingia kwenye ubongo na uti wa mgongo, na hapo unaweza kufanana na MS hata kwenye picha za MRI. Usiseme ng'ombe wenu ni mnono. Mwaka 1905 kule Malta, Themistocles Zammit aligundua kwamba homa iliyowatesa watu kisiwani ilitoka kwa mbuzi walioonekana wazima kabisa.

Na mursik, maziwa yetu ya kuchachua, naipenda kama wewe. Ila kuchachuka peke yake hakutoshi kuua vijidudu hivyo. Maziwa yachemke kwanza, yapoe, ndipo yaingie kwenye sotet, kibuyu chake.

Sasa usikimbilie kwenye duka la dawa ukapime brusela, ukaambiwa unayo, ukalia tena. Wangapi hapa mjini wameambiwa "una brusela na taifodi" siku hiyo hiyo, kwa tone moja la damu? Utafiti uliofanywa Busia na kuchapishwa mwaka 2017 ulipima wagonjwa zaidi ya 800. Kipimo cha haraka kinachotumika sana kilisema karibu mmoja katika kila watano ana brusela. Kipimo cha Rose Bengal kikaona takriban mmoja katika mia. Hebu fikiria watu waliomeza dawa za ugonjwa wasiokuwa nao, huku ugonjwa wenyewe ukiendelea kuwala! Muulize daktari wametumia kipimo gani, na kama kuna cha pili cha kuthibitisha.

Wifi yangu alipitia kinyume chake. Alitibiwa malaria mara nne bila damu yake kuonyesha malaria. Mwaka mzima. Mume akadhani amemchoka, yeye akadhani amerogwa. Hakuna aliyemuuliza habari za ng'ombe, naye hakusema, kwa maana nani huenda hospitali kuzungumzia zizi? Alipopata daktari wa kumsikiliza akapimwa vizuri, ikawa brusela. Dawa ni mbili kwa pamoja, kwa wiki 6, na ikiwa imefika kwenye mishipa ya fahamu huenda miezi. Wiki ya tatu akajisikia mzima akaziacha. Ikarudi. Wewe usinifanyie hivyo! Na kama una mimba, sema mapema, kwa sababu dawa nyingine hazimfai mjamzito.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Chukua daftari la mtoto uandike: homa ilianza lini, ganzi iko mguu gani, jicho linaonaje, maziwa ya wapi, safari zipi, kupe yupi alikuuma. Hata Lyme yenyewe ilijulikana kwa njia hiyo. Polly Murray, mama wa nyumbani kule Connecticut, aliandika dalili za familia yake miaka mingi huku wakimwona ana wasiwasi tu, na mwaka 1975 akawapigia simu wakuu wa afya. Wakaja kuchunguza. Na wewe utaonekana una wasiwasi. Vumilia, uwasomee ulichoandika, uombe barua ya kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi wakikwama. Miguu ikigoma kusimama, mkojo ukizuilika au jicho likizima, usingoje kliniki ya Jumatatu. Panda gari siku hiyo hiyo.

Mama mkwe sasa. Usimjibu kwa hasira, maana uchovu huu hauonekani kwa macho na yeye hajui. Mwombe akusindikize. Akae pale benchi, akusikie ukieleza jasho la usiku kwa daktari, na aulizwe yeye habari za zizi, kwa kuwa ndiye anayekamua. Huenda naye mgongo unamuuma, na akaishia kupimwa pamoja nawe. Mkirudi niandikie, hata ikiwa saa nane za usiku.