Haki ya Mwili Katika Chakula

Ama baada ya kumhimidi Mola na kumsalia Mtume, wako watu watakao kupunguza unene wakajinyima chakula hata magoti yakalegea, nao hudhani ndiyo zuhdi. Sivyo. Katika Hadithi ya Al-Miqdam aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) ametaja matonge ya kuusimamisha mgongo; na kama hapana budi kuzidisha, basi thuluthi ya tumbo ni chakula, thuluthi maji, na thuluthi pumzi. Angalia, ndugu: kipimo ni mgongo usimame.

Na wisali, yaani kuunga saumu pasina kufuturu, ni haramu kwa kauli iliyo sahihi katika madhehebu yetu ya Shafii. Wala matabibu hawakukhalifu: mwili wenye njaa nyingi hauyeyushi mafuta peke yake, hula na nyama zake, nguvu zikamtoka mtu. Basi na apunguze wali na halua, asiache samaki wala kunde, na aende msikitini kwa miguu.

Ajabu ni wafungao Ramadhani mchana, kisha magharibi wakalipa deni lote kwa sambusa na kaimati! Hao hawakupunguza kitu. Daku nayo ni sunna yenye baraka. Aiachaye kwa kutaka kukonda amekosa fadhila, na kazi ya mchana humwelemea.