Kunoa Tindo

Mafundi wengi wafanyao kazi ya chuma nyumbani huikandamiza tindo juu ya jiwe la kuzungushwa, kisha hustaajabu ikipinda kazini. Pua, yaani chuma kigumu cha tindo, ikipata moto wa digrii 230 hivi za sentigredi huwa na rangi ya majani makavu. Ikifikia 300 huwa buluu, na ugumu umepungua. Basi ichovye majini mara kwa mara. Buluu ikiisha kuingia, kuifuta kwa msasa si dawa: sehemu hiyo yote na iondolewe polepole.

Pembe ya makali iwe digrii 60 hivi. Nacho kichwa kilichotandazwa na nyundo kichongwe, maana vipande vyake huruka vikapofusha jicho.