Kijerumani cha Dukani: Sema Unachotaka, Kataa Usichokila



Ndugu zangu, nimeombwa niandike somo la Kijerumani kwa wale wanaojiandaa kwenda kusoma Ujerumani, na pia kwa wanaojifunza kwa kupenda tu. Nimechagua duka. Sababu ni kwamba chuoni huenda ukafundishwa kwa Kiingereza, lakini muuza mikate wa mtaani atakusemesha kwa lugha yake. Na mlo wa Muislamu una masharti. Asiyejua kuuliza kilichomo atakula kwa shaka, au atashinda na mkate mkavu.

Kijerumani si mgeni kabisa kwetu. Wajerumani waliitawala Burundi hadi 1916, na wakaacha maneno. Hela imetokana na Heller, sarafu ndogo iliyoanza kutumika katika koloni lao mwaka 1904. Heller 100 zilikuwa rupia moja. Kwa Kirundi hadi leo tunasema amahera. Na shule ni Schule.

1. Kila nomino na ngeli yake

Sisi tuliozoea ngeli tuna nafasi nzuri. Tunajua kwamba kisu huwa kikali na mkate huwa mtamu. Nomino ndiyo inayoamua. Kijerumani kina makundi matatu, nayo yanatambuliwa kwa neno dogo linalotangulia: der, die, das. Aliyesoma Kifaransa na le na la zake atalielewa jambo hili mara moja, ila asitegemee makundi yalingane.

der: der Reis (mchele), der Fisch (samaki), der Apfel (tofaa), der Käse (jibini)
die: die Milch (maziwa), die Banane (ndizi), die Tüte (mfuko), die Wurst (soseji)
das: das Brot (mkate), das Ei (yai), das Salz (chumvi), das Fleisch (nyama)

Jifunze neno pamoja na der, die au das yake. Usihifadhi Reis peke yake, hifadhi der Reis. Nomino zote huandikwa kwa herufi kubwa, hata katikati ya sentensi.

2. Kitu kinaponunuliwa, der hubadilika

Kiswahili huonyesha mtendwa ndani ya kitenzi: nimekinunua, nimeununua. Kijerumani huonyesha jambo hilo katika lile neno dogo, na kanuni ni nyepesi: der peke yake ndiyo inayobadilika na kuwa den. Die na das hubaki vilevile.

Der Reis ist gut. (Mchele ni mzuri.)
Ich kaufe den Reis. (Ninanunua ule mchele.)

Ukisema kitu kimoja kisicho maalumu, der huwa ein, kisha einen inapokuwa mtendwa. Die huwa eine, das huwa ein.

Ich möchte einen Fisch. (Ningependa samaki mmoja.)
Ich möchte eine Tüte. (Ningependa mfuko.)
Ich möchte ein Brot. (Ningependa mkate.)

Möchte ni neno la adabu. Ich will, yaani nataka, husikika kama amri. Muuzaji mwite Sie, si du, kwani du ni ya marafiki na watoto.

Ona pia kwamba hata salamu ina kanuni hii. Tag, siku, ni der Tag. Lakini watu husema Guten Tag, kwa sababu maana yake ni "nakutakia siku njema", na siku hapo ni mtendwa. Ukikumbuka salamu, umekumbuka kanuni.

3. Bei na vipimo

Kitu kimoja: Was kostet der Reis? Vingi: Was kosten die Eier?

Katika vipimo hakuna "za" wala "ya". Sisi husema kilo mbili za nyanya; wao husema zwei Kilo Tomaten, na Kilo haibadiliki kwa wingi.

Namba huwasumbua wengi, lakini aliyepita madrasa hazitamtisha. Kiarabu husema wahid wa ishrun, moja na ishirini. Kijerumani hufanya vivyo hivyo: einundzwanzig. Kwa hiyo 49 ni neunundvierzig, tisa na arubaini. Bei huandikwa kwa mkato, 2,49, nayo husomwa zwei Euro neunundvierzig. Sikiliza tarakimu ya mwisho kwanza, usije ukatoa 94 mahali pa 49.

Katika maduka ya kawaida bei haijadiliwi. Ukitaka kupatana, nenda Flohmarkt, soko la vitu vilivyotumika. Maduka mengi hufungwa Jumapili, basi fanya ununuzi Jumamosi. Chupa nyingi za vinywaji zina Pfand, amana unayorudishiwa ukirudisha chupa. Kwa chupa ya plastiki ya kutumia mara moja ni senti 25. Usiitupe.

4. Kukataa

Kukataa kitu ni kuongeza k mbele ya ein: kein, keine, keinen.

Ich esse kein Schweinefleisch. (Sili nyama ya nguruwe.)
Ich möchte keine Wurst. (Sitaki soseji.)
Ich möchte keinen Käse. (Sitaki jibini.)

Ongeza na ohne, bila: ohne Speck, ohne Alkohol.

Maneno ya Kijerumani huungana, na la mwisho ndilo linaloamua kundi. Rind ni ng'ombe na Fleisch ni nyama: das Rindfleisch. Vivyo hivyo das Lammfleisch, kondoo, na das Schweinefleisch, nguruwe. Tatizo ni kwamba nguruwe haji kila mara kwa jina lake. Hifadhi haya:

der Speck: mafuta au nyama ya nguruwe iliyokaushwa
der Schinken: paja la nguruwe
das Mett: nguruwe mbichi aliyesagwa
das Schmalz: mafuta ya kupikia, mara nyingi ya nguruwe
die Gelatine: gelatini ya peremende na vitamutamu, mara nyingi ya nguruwe
gemischtes Hackfleisch: nyama ya kusaga ya ng'ombe na nguruwe pamoja

Soseji ya kuku, Geflügelwurst, wakati mwingine huongezwa mafuta ya nguruwe. Jina la mbele ya pakiti halitoshi. Geuza nyuma, utafute neno Zutaten, viambato. Hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi kwa uzito. Sheria ya Ulaya inataka vinavyosababisha mzio, kama maziwa, ngano na karanga, vikolezwe katika maandishi. Nguruwe hayumo katika orodha hiyo, basi usitegemee herufi nene, soma yote. Na chakula kisichofungwa, kama cha duka la mikate, kwa kawaida hakina karatasi ya viambato. Hapo dawa ni ulimi wako:

Was ist da drin? (Mna nini humo?)
Ist da Gelatine drin? (Mna gelatini humo?)
Ist das Fleisch halal? (Nyama hii ni halali?)

Neno halal wengi hulielewa, hasa katika maduka ya Waturuki, ambao wengi wao walianza kuingia Ujerumani baada ya mkataba wa wafanyakazi wa mwaka 1961. Hukumu ya kila kiambato waulizeni masheikh. Mimi hapa ninawapa maneno tu.

5. Mazungumzo katika duka la mikate

– Guten Tag. Was darf es sein? (Nikupe nini?)
– Guten Tag. Was ist da drin?
– Käse und Speck.
– Nein, danke. Ich esse kein Schweinefleisch. Haben Sie etwas ohne Fleisch? (Una kitu kisicho na nyama?)
– Ja, das Käsebrötchen.
– Dann nehme ich zwei. Was kostet das?
– Drei Euro achtzig. Brauchen Sie den Bon? (Unahitaji risiti?)
– Ja, bitte. Ich zahle bar. (Ninalipa taslimu.)
– Schönen Tag noch!

Tazama den Bon na schönen Tag: kanuni ni ileile ya der. Tazama pia Dann nehme ich: kitenzi hushika nafasi ya pili, kwa hiyo ich husogea nyuma yake.

Zoezi

1. Ich kaufe ___ Reis. (ule)
2. Ich möchte ___ Banane. (moja)
3. Ich esse ___ Speck. (kukataa)
4. Was ___ die Eier?
5. Soma bei hii: 4,75.

Majibu: 1. den, 2. eine, 3. keinen, 4. kosten, 5. vier Euro fünfundsiebzig.

Shikeni mazungumzo hayo wawili wawili, mmoja muuzaji na mmoja mnunuzi, kisha mbadilishane. Mwenye kuona haya kusema mbele ya rafiki yake atapata taabu mbele ya foleni ya watu. Muuzaji hakasiriki kuulizwa, na swali la maneno manne linatosha kukutoa katika shaka.

Wabillahi tawfiq.