Taa ya Injini: Jinsi Tulivyosoma Hitilafu za Gari Nyumbani

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamepata kupanda gari ambalo taa ndogo ya manjano, yenye umbo la injini, inawaka mbele ya dereva. Wengine wamemwona dereva akiibandika kipande cha plasta ili isimsumbue macho usiku. Baba yangu hakuibandika kitu, lakini ilimsumbua kuliko macho. Katika likizo ya Desemba nilipata kuyasoma maneno ya taa hiyo kwa simu, na Mhariri ameniomba niandike jinsi kazi yenyewe inavyofanyika.

Baba ana gari dogo lililokuja kutoka Japan likiwa limekwisha kutumika, nalo huchukua abiria kati ya Korogwe na Mombo. Mwezi wa Novemba taa iliwaka, injini ikawa inatetemeka gari linaposimama, na petroli ikaanza kwisha upesi. Fundi mmoja alilipima kwa mashine yake, akasema sensa ya oksijeni imekufa. Baba akanunua sensa kwa shilingi 180,000, fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mabati ya nyumba ya Bibi. Taa ikazimika. Siku ya pili jioni ikawaka tena. Fundi akasema basi sasa ibadilishwe pampu ya mafuta, na bei ya pampu ilikuwa sawa na fedha zote za mabati zilizobaki. Bibi akasema gari ndilo linalotulisha, litengenezwe kwanza. Yeye atahamisha kitanda mahali pasipovuja. Hali ilikuwa hiyo nilipofika nyumbani kutoka shuleni.

Kwa bahati Mwalimu wetu wa Fizikia alikuwa ameniazima chombo chake kidogo cha kusomea gari. Kabla sijaeleza tulivyokitumia, yafaa tujue kwa nini gari linajipima lenyewe.

Watu wengi hudhani taa ile iliwekwa ili kumsaidia fundi. Sivyo, iliwekwa kwa ajili ya moshi. Jiji la Los Angeles, katika jimbo la California huko Marekani, lilisumbuliwa na ukungu mchafu tangu miaka ya 1940. Mwanakemia Arie Haagen-Smit akaonyesha, mapema katika miaka ya 1950, ya kwamba ukungu ule hutokea wakati moshi wa magari na wa viwanda vya mafuta unapopigwa na mwanga wa jua. Sheria za moshi zikafuata. Magari mapya ya California kuanzia yale ya mwaka 1988 yalitakiwa yawe na kompyuta inayojichunguza, na kuanzia magari ya mwaka 1996 Marekani nzima ilidai utaratibu mmoja: tundu la namna moja na misimbo ya namna moja. Ulaya ikafanya hivyo kwa magari ya petroli mwaka 2001. Magari yaliyotengenezwa yauzwe Japan kwenyewe hayakubanwa na sheria hizo, na ndiyo sababu mengine ya zamani yana tundu la umbo lile lile lakini hayajibu yanapoulizwa na programu za kawaida. La Baba, namshukuru Mungu, lilijibu.

Mafundi wengi wa kwetu huita misimbo hiyo “kodi”. Mimi sitalitumia neno hilo hapa, maana kodi tunayoijua tayari yatutosha.

Chombo chenyewe hutoshea katika kiganja. Ndani yake mna kidude kiitwacho ELM327, au nakala yake, ambacho kazi yake ni kutafsiri lugha ya kompyuta ya gari, nacho chombo huituma kwenye simu kwa Bluetooth. Katika simu huwekwa programu. Ziko nyingi, na mimi nilitumia iitwayo Torque. Tundu la kuchomekea liko chini ya dashibodi, upande wa usukani. Lina matundu madogo 16 katika safu mbili za nane nane. Nilichomeka chombo injini ikiwa imezimwa, kisha Baba akazungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi zikawaka, pasipo kuwasha injini. Nikaunganisha simu (namba ya siri mara nyingi huwa 1234), nikafungua programu, nikaagiza isome. Haikupita dakika moja tukapata jibu: P0171.

Hapa nawaomba wenzangu washike jambo moja: andika kwanza katika karatasi. Programu ina kitufe cha kufuta, nacho kinavutia kidole sana.

Msimbo husomwa hivi. Herufi ya kwanza yataja sehemu ya gari: P ni injini na gia, C ni mambo ya breki, usukani na magurudumu, B ni bodi, na U ni mawasiliano baina ya kompyuta za gari. Tarakimu inayofuata, ikiwa 0, msimbo una maana moja katika magari yote; ikiwa 1, ni wa kiwanda chenyewe, na maana yake hutafutwa katika kitabu cha gari hilo. Tarakimu ya pili yataja kundi: 1 ni hewa na mafuta, 3 ni moto wa plagi, 7 ni giaboksi. Mbili za mwisho zataja kosa lenyewe. Kwa hiyo P0301 ni silinda ya kwanza kutowaka sawasawa, P0302 ni ya pili, na kuendelea. P0171 maana yake ni kwamba mchanganyiko wa hewa na mafuta, katika upande wa kwanza wa injini, una hewa nyingi kuliko inavyopasa. Injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja ina upande huo mmoja tu.

Baba aliposomewa maana hiyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Sensa imetajwa wapi hapo?”

Haikutajwa. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyotoa habari ya kwamba hewa imezidi; na sisi tulikuwa tumeing’oa kwa kosa la kusema kweli. Wazee walisema mjumbe hauawi.

Wanafunzi wa Fizikia na Kemia wataelewa upesi. Ili petroli iungue barabara, kilo 1 huhitaji hewa kilo 14.7 hivi. Sensa hukaa katika bomba la moshi, nayo hutoa umeme mdogo: karibu volti 0.9 mafuta yakizidi, karibu volti 0.1 hewa ikizidi. Kompyuta husikiliza, ikaongeza mafuta au ikayapunguza, mara nyingi kwa dakika. Kiasi cha marekebisho hayo huonekana kwenye simu kwa asilimia, katika mistari miwili: STFT ni marekebisho ya papo hapo, LTFT ni yale ambayo kompyuta imeyazoea kwa muda. Gari zima huwa karibu na sifuri. Yakipanda sana upande wa kuongeza, kompyuta huona imefika mwisho wa uwezo wake, ikaandika P0171 na kuwasha taa.

Basi swali letu likawa: hewa ya ziada yatoka wapi, au mafuta yamepungukia wapi? Pampu dhaifu huweza kuleta msimbo ule ule. Kadhalika filta ya mafuta iliyoziba, au kipimo cha hewa kilichochafuka, au tundu mahali hewa inapoingilia bila kupimwa. Msimbo mmoja, visababishi vinne au zaidi, na fedha zilizobaki zilitosha kubahatisha mara moja tu.

Jambo la kwanza lililotusaidia ni picha ya wakati. Kompyuta inapoandika msimbo huhifadhi pia hali ya gari katika dakika ile. Tulikuta hivi: mwendo wa gari kilometa 0 kwa saa, injini mizunguko 740 kwa dakika, maji ya rejeta nyuzi 89. Yaani gari lilikuwa limesimama, injini imepata moto, labda Baba akingoja abiria. Lingekuwa kosa la pampu, ningetazamia litokee penye mzigo, injini inapodai mafuta mengi.

Tukawasha injini, tukaiacha ipate moto, nikasoma. LTFT ilikuwa +21, STFT +6, jumla +27. Kisha Baba akakanyaga mafuta taratibu mpaka mizunguko 2,500 akaishikilia hapo. Jumla ikashuka hadi +8.

Tazama maana yake kwa hesabu. Tuseme injini ikiwa imetulia huvuta gramu 2 za hewa kwa sekunde kupitia kipimo cha hewa, na tundu fulani huingiza nusu gramu nyingine kwa siri. Nusu katika mbili ni asilimia 25. Injini ikizunguka upesi na kuvuta gramu 7, nusu gramu ile ile haifiki hata asilimia 8. Tundu ni lile lile, ila limemezwa na wingi. Pampu ikiwa dhaifu mambo huwa kinyume: kadiri injini inavyodai zaidi ndivyo upungufu unavyozidi. Nilimwandikia Baba hesabu hiyo nyuma ya daftari langu la Jiografia, naye akaipitia mara mbili kwa kidole.

Akasema, “Kama ni tundu, basi linavuta. Na kitu kinachovuta hewa hupiga mluzi.”

Alikata mpira wa kumwagilia maji, urefu wa mkono, akatia ncha moja sikioni na nyingine akaipitisha taratibu juu ya injini, mikono ya shati ameikunja, mbali na feni na mikanda. (Wako wanaonyunyiza petroli au dawa ya kusafishia juu ya injini ili kutafuta tundu. Msifanye hivyo, injini yenye moto na petroli hazichezewi.) Nyuma ya injini akasimama. Kuna mpira unaotoa mvuke wa oili katika injini na kuurudisha unakoingilia hewa. Kwa juu ulikuwa mzima. Kwa chini, penye kona, ulikuwa umekauka na kupasuka ufa mrefu kama ukucha.

Hatukuutoa mara moja. Baba aliubana kwa koleo baina ya ufa na mahali unapoingia, mimi nikitazama simu. STFT iliporomoka kutoka +6 hadi −19 katika sekunde chache, LTFT ikiwa bado +21. Kompyuta ilikuwa ingali inaongeza mafuta kwa mazoea yake ya zamani, na sensa mpya ikipiga kelele kwamba sasa yamezidi. Jumla, +2. Mtetemo wa injini ukakoma. Nilipiga ukelele hata Bibi akatoka jikoni kuuliza nani ameungua.

Mpira mpya ulimgharimu Baba shilingi 6,000. Baada ya kuufunga ndipo tulipobonyeza kufuta. Nasisitiza mpango huo kwa sababu kufuta si kutengeneza. Ukifuta, kompyuta husahau msimbo, na marekebisho yake hurudi sifuri. Taa huzimika, gari liwe zima au bovu. Tena makosa mengi ya namna hii hayawashi taa mpaka yaonekane katika safari mbili. Hii ndiyo sababu sensa ya kwanza ilionekana imeponya gari kwa siku moja na nusu. Anayenunua gari lililotumika na alijue hilo. Programu huonyesha pia majaribio ambayo kompyuta imekwisha kuyafanya tangu ilipofutwa. Yakiwa mengi bado hayajakamilika, huenda mtu amefuta asubuhi ile ile kabla hujafika kuliona gari.

Yako mambo ambayo chombo hiki hakiyaoni kabisa. Breki zilizokwisha, tairi lililochakaa na beringi inayonguruma havina msimbo. Na taa ikiwa inawaka na kuzimika mfululizo wakati wa mwendo, usisubiri kusoma chochote: silinda haiwaki vizuri, petroli mbichi inaingia katika bomba la moshi na kuharibu chombo cha kusafishia moshi, ambacho ni ghali kuliko sensa. Punguza mwendo na usimame penye usalama. Jambo dogo tena: chombo kisiachwe kwenye tundu siku nyingi gari likiwa limelala, kwa kuwa tundu lile lina umeme wakati wote, nacho hunywa betri.

Baba aliuchukua ule mpira wa zamani akampelekea fundi. Nilidhani watagombana. Fundi aliukunja, akautazama ufa, akakiri ya kuwa mashine yake ilionyesha P0171 hiyo hiyo na yeye amezoea kubadili sensa, kwani katika magari mengine ilisaidia. Kisha akaniomba nimwonyeshe zile asilimia, injini ikiwa imetulia na ikiwa mizunguko 2,500. Tulikaa naye mpaka magharibi. Shilingi 180,000 hazikurudi, wala Baba hakuzidai.

Nilipoondoka Januari gari lilikuwa limekwenda zaidi ya kilometa 900. LTFT ilikuwa +3, taa imezimika. Mabati yaliyopatikana kwa fedha iliyobaki yameezeka upande mmoja wa nyumba ya Bibi, upande wa kitanda. Upande wa pili Baba anatumaini kuuezeka kabla ya masika.

Chombo nimemrudishia Mwalimu. Amekubali kitumike katika gari la shule Jumamosi baada ya usafi, dereva akiwapo. Wanaotaka kutazama waje na kalamu na karatasi.